Wakaguzi wakikuta dawa zimechelewa kwenye nyumba ya wazee Marekani, nani anaulizwa?

"Wanangu wa redio, hebu nisaidieni." Ndivyo ulivyoanza ujumbe wa sauti tulioupokea kwenye WhatsApp kutoka kwa mzee mmoja, msikilizaji wetu wa miaka mingi. Binti yake yuko Minnesota, Marekani, anafanya kazi kwenye nyumba ya kulea wazee. Wiki hiyo alimpigia baba yake simu, sauti iko chini. Wakaguzi wa jimbo walikuwa wamefika kazini kwao bila taarifa, wakakaa siku kadhaa, wakaondoka wameandika kwamba wazee walicheleweshewa dawa. Mzee anauliza mambo mawili. Je, binti yake atafukuzwa? Na inakuwaje dawa ichelewe katika nchi yenye pesa kama ile?

Tumeona tumjibu kwa maandishi, maana swali hili si lake peke yake. Wakenya, Watanzania, Waganda, Warundi na Wakongo wengi waliohamia Marekani walianzia maisha kwenye nyumba hizi. Ada za shule na mabati tunayoyaona vijijini kwetu, sehemu yake imetoka kwenye zamu za usiku kule.

Jibu la swali la kwanza, kwa ufupi: kasoro anayoiandika mkaguzi inaandikwa kwa jina la nyumba, si la mfanyakazi. Hata mzee aliyecheleweshewa dawa hatajwi jina kwenye ripoti, anapewa namba. Lakini yapo mambo ambayo mfanyakazi akiyafanya anajiingiza mwenyewe matatani, na tutayafikia. Kwanza tuanze na dawa.

Nyumba zenyewe

Marekani ina nyumba za aina hii zipatazo 15,000 zilizosajiliwa kulipwa na bima za serikali, Medicare na Medicaid. Ndani yake wamo watu kama milioni 1.2. Wapo waliokuja kwa wiki chache baada ya kuvunjika nyonga au kupata kiharusi, na wapo ambao hawatarudi tena nyumbani. Nyingi ya nyumba hizi ni biashara ya kutafuta faida, takriban saba katika kila kumi.

Tunajua wengi wetu tunaguna tukisikia mzazi amepelekwa kwenye nyumba ya namna hiyo. Tusiwahukumu haraka. Mzee anayelishwa kwa mpira, asiyeweza kujigeuza kitandani, anahitaji mtu mchana na usiku, na kwao mara nyingi hakuna shangazi wala mjukuu anayeshinda nyumbani.

Ndani ya nyumba, wanaogawa dawa ni manesi wenye leseni. Chini yao wako wasaidizi wa wauguzi: ndio wanaoogesha, wanaovisha, wanaolisha, wanaobadilisha nepi. Sheria ya serikali kuu inataka msaidizi apate mafunzo yasiyopungua saa 75 na kufaulu mtihani. Mlango huu ndio wanaoupita wageni wengi, kwa kuwa mafunzo ni mafupi na kazi haikosekani. Kwa mafunzo hayo peke yake, msaidizi hana kibali cha kugawa dawa. Katika majimbo kadhaa, Minnesota ikiwemo, anaweza kusoma kozi ya ziada, kisha akagawa dawa chini ya usimamizi wa nesi.

Dawa inachelewaje?

Fikiria Ijumaa jioni. Hospitali imemruhusu bibi aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga, gari la wagonjwa linamfikisha kwenye nyumba ya wazee saa 1 usiku. Amekuja na karatasi zenye orodha ya dawa 12. Dawa zenyewe hakuja nazo. Nyumba nyingi hazina famasi yao. Zina mkataba na famasi kubwa ambayo huenda iko mji mwingine, inayoleta mizigo kwa gari kwa saa zake. Gari la jioni limeshapita. Nesi anatuma orodha, famasi inajibu kwamba dawa mbili zimeandikwa kwa vipimo vinavyogongana, daktari wa hospitali ameshatoka kazini, na daktari wa nyumba hapokei simu.

Hapo bibi anaanza kusikia maumivu. Dawa kali ya maumivu, ya jamii ya morfini, iko chini ya sheria ya dawa za kulevya. Nesi hawezi kuiagiza kwa neno lake; lazima daktari au mwingine mwenye kibali cha kuandika dawa aiidhinishe, na famasi ipate idhini hiyo kwa njia inayokubalika kisheria. Nyumba huwa na sanduku la dharura lenye dawa chache za kuanzia, lakini hata kulifungua kwa ajili ya dawa hiyo kunahitaji idhini ileile. Hivyo bibi anaweza kulia hadi alfajiri katika jengo lenye dawa ya kumtuliza, imefungiwa kwenye kabati hatua thelathini kutoka kitandani kwake.

Katika kisa kama hiki mvivu hayupo. Kila mtu amefuata utaratibu wake, na utaratibu umeacha pengo pale mgonjwa alipopita kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Tumeanza na mfano huu kwa sababu ndipo ucheleweshaji mbaya unapotokea mara nyingi: siku mbili tatu za kwanza, hasa mwisho wa wiki.

Sababu nyingine ni za kawaida zaidi. Vidonge vinaisha na hakuna aliyeagiza vingine mapema, kila zamu ikidhani zamu iliyopita iliagiza. Bima inakataa kulipia dawa fulani mpaka daktari aeleze kwa nini asiandike ya bei nafuu. Nesi wa kukodi kutoka wakala amefika kwa mara ya kwanza leo, hawajui wazee kwa sura, na kila chumba anasimama kuhakikisha jina.

Halafu kuna hesabu ya muda. Chukua nesi mmoja mwenye wazee 25 asubuhi. Desturi kwenye nyumba hizi ni kwamba dawa ya saa 3 asubuhi (wao wanaandika 9) itolewe kati ya saa 2 na saa 4, yaani saa moja kabla au saa moja baada. Hizo ni dakika 120 kwa watu 25, chini ya dakika tano kwa kila mtu. Ndani ya dakika hizo anapima presha, anapima sukari, anasaga vidonge kwa asiyeweza kumeza, anamsubiri babu anayemeza kimoja kimoja huku akisimulia habari za vita. Mzee mmoja akianguka chooni, toroli la dawa linasimama, na walio mwisho wa ukumbi wanangoja.

Kwa nini basi wasiongezwe manesi? Sheria ya zamani inataka nesi mwenye leseni awepo saa 24, na nesi wa ngazi ya juu walau saa 8 kwa siku, pamoja na wafanyakazi "wa kutosha", bila kutaja ni wangapi. Mei 2024 serikali ya Marekani ilitoa kanuni iliyoweka idadi: wastani wa saa 3.48 za uuguzi kwa kila mkazi kwa siku, na nesi wa ngazi ya juu kuwepo saa zote. Wenye nyumba walikwenda mahakamani, wakisema hawana pesa wala watu wa kuajiri. Aprili 2025 jaji wa mahakama ya shirikisho huko Texas aliifuta. Kwa maoni yetu, anayezungumzia dawa kuchelewa bila kugusa jambo hili anazunguka mbuyu.

Si kila kuchelewa ni sawa

Kidonge cha vitamini kikichelewa saa mbili, hakuna kitakachotokea. Dawa nyingine hazina subira. Mgonjwa wa Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa, anayetumia dawa ya levodopa, akicheleweshewa anaweza kukakamaa kabisa, ashindwe kutembea, pengine hata kumeza hicho kidonge chenyewe kinapofika. Mwenye kifafa akikosa dozi anaweza kuanguka kifafa. Antibayotiki ya kwanza ikichelewa, maambukizi yanapata nafasi ya kuenea. Insulini inayofanya kazi haraka inatakiwa iende pamoja na chakula: ikichomwa kwa wakati na chakula kikachelewa jikoni, sukari inashuka na mzee anaweza kuzimia. Hapo nesi aliwahi, sahani ndiyo iliyochelewa.

Miongozo ya wakaguzi inazingatia tofauti hii. Dawa ikitolewa nje ya ile saa moja, inahesabiwa kuwa kosa la muda pale tu ambapo kuchelewa huko kunaweza kumletea mzee usumbufu au kuhatarisha afya yake. Ikiwa daktari ameagiza dawa itolewe kabla ya chakula na ikatolewa baada, hilo ni kosa bila kungoja saa moja ipite.

Mkaguzi anafanya nini siku akifika

Msingi wa ukaguzi huu ni sheria ya mwaka 1987, iliyopitishwa baada ya ripoti ya mwaka 1986 ya Taasisi ya Tiba ya Marekani kuonyesha hali mbaya ya nyumba nyingi. Serikali kuu, kupitia idara yake ya CMS, inaweka viwango; majimbo ndiyo yanayotuma wakaguzi. Kule Minnesota ni idara ya afya ya jimbo. Wanakuja bila taarifa, na haitakiwi ipite miezi 15 bila nyumba kukaguliwa. Malalamiko yakipelekwa, wanaweza kuja wakati wowote.

Kwenye dawa, mkaguzi anafuatana na nesi na toroli lake, anatazama. Lazima ashuhudie nafasi zisizopungua 25 za kutoa dawa, si lazima za mgonjwa mmoja wala nesi mmoja. Kisha analinganisha alichokiona na maagizo ya daktari. Makosa yakifika asilimia 5 au zaidi, nyumba inaandikiwa kasoro. Hesabu yake ni nyepesi: kosa 1 katika 25 ni asilimia 4, nyumba inapita, makosa 2 ni asilimia 8, imeandikiwa. Ila kosa moja tu kubwa, la kumdhuru mgonjwa au kuhatarisha maisha yake, ni kasoro peke yake hata kama mengine yote yalikwenda sawa.

Hapo hajamaliza. Anafungua friji ya dawa kutazama joto na tarehe za kuisha. Anahesabu vidonge vya maumivu makali na kulinganisha na daftari, kwa sababu wizi wa dawa hizo upo. Anapitia kumbukumbu za kila mzee: lini dawa ilitakiwa, lini ilitolewa, nani alitia saini. Ni kwenye kumbukumbu hizi kisa cha bibi wa Ijumaa kinapoibuka, miezi baadaye: siku moja, mbili, tatu, mahali pa saini pameandikwa "haipo, inasubiriwa kutoka famasi". Mkaguzi anauliza swali moja tu: katika siku hizo tatu, nani alimwambia daktari? Kama hakuna jibu lililoandikwa, kasoro imepatikana.

Kila kasoro inapewa herufi, kuanzia A hadi L. Herufi inapima mambo mawili kwa pamoja: madhara ni makubwa kiasi gani, na yamewagusa wangapi. Nyingi huangukia D, E na F, maana yake hakuna aliyedhurika lakini angeweza kudhurika. Kuanzia G mtu ameumia. J, K na L ni hatari ya papo hapo, na hapo nyumba inaweza kutozwa faini nzito au kusimamishiwa malipo ya serikali. Baada ya kupokea ripoti, nyumba ina siku 10 za kuandika mpango wa kurekebisha: itafanya nini, na kufikia tarehe ipi.

Ukaguzi nao una mashimo

Msikilizaji asifikiri kwamba nyumba isiyoandikiwa kasoro haina kasoro. Mkaguzi anaona dozi ishirini na tano kati ya maelfu, tena mbele ya nesi anayejua kwamba anatazamwa. Mwaka 2008 ofisi ya uwajibikaji ya serikali ya Marekani, GAO, ililinganisha ukaguzi wa majimbo na ule uliorudiwa na wakaguzi wa serikali kuu. Katika takriban asilimia 15 ya kaguzi zilizolinganishwa, wakaguzi wa jimbo walikuwa wameacha angalau kasoro moja ya ngazi za juu, ile ya mtu kuumia au kuwa hatarini. Kwa kasoro ndogo zaidi, takriban asilimia 70 ya kaguzi zilikuwa zimeruka angalau moja.

Na wakaguzi wenyewe hawatoshi. Kamati ya Seneti inayoshughulikia wazee ilitoa ripoti Mei 2023 ikieleza kwamba katika majimbo 31 pamoja na mji mkuu Washington, nafasi za wakaguzi zilizo wazi zilifika asilimia 20 au zaidi. Kazi ni ngumu, mshahara unazidiwa na ule wa hospitali, na anayefundishwa leo anaondoka kesho kutwa. Jimbo lenye upungufu huo linakimbilia malalamiko ya dharura kwanza, ukaguzi wa kawaida unasogezwa mbele.

Madhara yenyewe si ya kubahatisha. Mwaka 2014 mkaguzi mkuu wa wizara ya afya ya Marekani alichapisha uchunguzi wa wagonjwa wa Medicare waliotoka hospitali na kuingia kwenye nyumba hizi. Ilikadiriwa kwamba asilimia 22 walipatwa na madhara yaliyotokana na huduma. Katika madhara hayo, asilimia 37 yalihusu dawa. Madaktari waliopitia mafaili waliona kwamba zaidi ya nusu ya madhara waliyoyakuta yangeweza kuzuilika.

Kwa aliye na ndugu kule

Kama mtoto wako ni msaidizi au nesi, haya ndiyo ya kumwambia kwenye simu. Asitie saini dawa ambayo hakuitoa kwa mkono wake, hata zamu ikiwa imeelemewa kiasi gani, hata mkubwa wake akimwambia "weka tu, tutampa baadaye". Kuchelewesha dawa kwa sababu famasi haijaleta kunaelezeka. Saini ya uongo haielezeki. Hiyo ndiyo inayoweza kumfikisha mbele ya bodi ya leseni, na kwa mgeni mwenye makaratasi ya uhamiaji yanayosubiri, hofu yake ni mara mbili. Dawa isipokuwepo aandike haipo, aandike saa aliyompigia daktari na alichoambiwa. Na kama yeye ni msaidizi wa saa 75 asiye na kibali cha dawa, akikabidhiwa vikombe vya vidonge avipeleke chumba namba fulani, akatae kwa adabu na aite nesi. Tunajua si rahisi kwa mtu mpya anayeogopa kupoteza zamu. Lakini vikombe vikibadilishana, swali la kwanza litakuwa nani alivibeba.

Kama ndugu yako ndiye anayelazwa kule, simu yako ya kijijini inaweza kukusaidia. Fungua tovuti ya medicare.gov, sehemu inayoitwa Care Compare, andika jina la nyumba na mji. Utaona nyota, kuanzia moja hadi tano, na ripoti za ukaguzi. Zimeandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo mtafute kijana akusomee. Usikomee kwenye nyota. Zile za ukaguzi zinagawiwa kwa kulinganisha nyumba na nyingine za jimbo hilohilo: asilimia 10 za juu zinapata tano, asilimia 20 za chini zinapata moja. Katika jimbo lenye nyumba mbovu, iliyo afadhali kidogo itang'aa. Soma ripoti mbili tatu za nyuma uone kama kasoro ya dawa inajirudia. Nyumba iliyoandikiwa mara moja ikarekebisha ni tofauti na iliyoandikiwa jambo lilelile miaka mitatu mfululizo.

Malalamiko yanaweza kupelekwa na mtu yeyote kwenye idara ya jimbo, bila kutaja jina. Kila jimbo pia lina msuluhishi wa wakazi wa nyumba hizi, mpango ulioanza mwaka 1972. Hatozi pesa, anatunza siri, na kazi yake ni kusimama upande wa mzee.

Turudi kwa mzee wetu. Binti yake ni msaidizi, hagawi dawa, na kwa alivyomsimulia baba yake, kasoro iliyoandikwa ni ya dawa zilizokosekana siku za mwisho wa wiki. Kwa maelezo hayo, hatuoni jambo la kumfukuzisha kazi. Sheria inaitaka nyumba iweke matokeo ya ukaguzi mahali ambapo wazee na ndugu zao wanaweza kuyasoma bila kuomba ruhusa, mara nyingi kwenye jalada karibu na mapokezi. Zamu yake ijayo, akifika mapema, alifungue aone kilichoandikwa na tarehe iliyowekwa ya kurekebisha, kisha ampigie baba yake tena.